Maji ya batiki, pumba za mpunga na bakteria: kinachofanya kazi na kinachodanganya macho

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Tabata, Dar, anayetengeneza batiki nyumbani. Kwa kifupi anasema hivi: anapiga batiki na tai-dai siku mbili kwa wiki, kila siku ya kazi anabaki na kama ndoo sita kubwa za maji ya rangi, anayamwaga mtaroni, na majirani wameanza kunung'unika maana mtaro unaishia karibu na bustani za mchicha. Katumiwa klipu wasap, mtu anamimina maji ya bluu kwenye chupa iliyojaa pumba za mpunga na chini yanatoka meupe peee. Anauliza: "Mtaalamu, hii ni kweli au kiini macho? Na hao bakteria wanaosema wanaongeza, mimi nitawanunua duka gani?"

Dada yangu, sio kiini macho, ila umeonyeshwa robo ya stori. Robo nyingine tatu ndo zinazoamua kama majirani watanyamaza au watakuja na mwenyekiti wa mtaa.

Tuanze na ile chupa. Nina uhakika kama asilimia tisini kwamba yale maji ya bluu yalikuwa na methilini bluu, rangi ambayo kila mwanafunzi wa maabara anaijua, ndo hiyohiyo Paul Ehrlich aliwapa wagonjwa wa malaria mwaka 1891 akaona inawasaidia. Kwanini naisema kwa uhakika hivyo, ni kwa sababu ndo rangi rahisi kuliko zote kuinasa kwa pumba. Ukiiweka kwenye maji inakuwa na chaji chanya, na ganda la mpunga au vumbi la mbao likilowa linakuwa na chaji hasi, sasa hapo huhitaji ufundi wowote, zinashikana zenyewe. Utafiti mwingi sana wa "takataka za mimea zinasafisha maji" umefanyika na hii rangi, maganda ya ndizi, vifuu, pumba, majani ya chai, kila mtu na lake, na karibu wote wamefaulu. Mi huwa nawaambia vijana wangu maabara, ukiwa na haraka ya kumaliza shahada chukua methilini bluu.

Sasa wewe kwenye batiki hutumii methilini bluu. Wengi hapa Bongo mnatumia rangi za vati, zile za kupika na kostiki soda na haidro (unga unaosaidia rangi kuyeyuka), na wengine wanatumia za riaktivu zinazowekwa chumvi na magadi. Rangi za riaktivu zikiwa kwenye maji zina chaji hasi, sawa na pumba, kwahiyo zinakwepana. Ukijaza chupa yako pumba mbichi ukamimina maji ya tai-dai ya riaktivu, yatatoka na rangi yake karibu yote, na juu yake yataongezeka rangi ya chai kutoka kwenye pumba. Ndo maana nakwambia robo ya stori.

Hiyo rangi ya chai usiidharau. Mimea ikiloweka inaachia tanini na sukari na vitu vingine, na hivyo vikifika mtoni vinaliwa na vijidudu ambao wanamaliza hewa ya oksijeni ndani ya maji, samaki wanakufa bila sumu yoyote kuwekwa. Uliza watu wa Kilimanjaro au Mbinga kuhusu maji ya kumenyea kahawa mbivu, hayana kemikali hata moja ila mto unanuka na kugeuka mweusi. Kwahiyo takataka za mimea zinaweza kusafisha maji na zinaweza kuyachafua, inategemea umeziweka wapi na zinafanya kazi gani.

Na kazi zake ni mbili tofauti kabisa, watu wanazichanganya. Ya kwanza ni sponji, yani inanasa uchafu juu ya ngozi yake na kukaa nao. Sponji inajaa. Ikijaa una gunia la pumba zenye rangi, hujaondoa kitu duniani umekihamisha tu, na hilo gunia usilitie jikoni wala usilitandike kwenye banda la kuku. Ya pili ni chakula na nyumba ya bakteria: pumba inaoza polepole, bakteria wanakula kile kinachooza, na wakishakula wanahitaji kitu cha "kupumulia". Kama hewa haipo wanapumulia vitu vingine vilivyomo majini, naitreti na salfeti (chumvi za naitrojeni na salfa), hata zile rangi zako. Hii ya pili ndo yenye maajabu, na ndo yenye ushahidi wa miaka. Kule Kanada, watu wa chuo cha Waterloo miaka ya 90 mwanzoni walifukia ukuta wa vumbi la mbao ardhini, maji ya chooni yenye naitreti yakawa yanapita humo, na baada ya miaka 15 walivyorudi kupima ukuta ulikuwa bado unafanya kazi, vumbi lilelile. Pennsylvania kule Marekani wanachukua mbolea iliyobaki kwenye mashamba ya uyoga wanaitandaza kwenye mabwawa ya maji ya machimbo ya makaa, maji yenye chuma na asidi, bakteria wanapumulia salfeti wanatoa salfaidi, na salfaidi inashika baadhi ya metali zinazama chini. Nimekutajia hilo la machimbo makusudi, utaona baadaye linakuhusu.

Haya, sasa turudi Tabata.

Unajua kitambaa cha bluu ya vati kinavyotoka kwenye beseni kina ukijani-njano, afu ukikianika kinageuka bluu mbele ya macho yako? Haidro imeinyang'anya rangi oksijeni ili iyeyuke na kuingia kwenye uzi, na hewa inairudishia. Rangi ikisharudishiwa haiyeyuki tena. Sasa yale maji yaliyobaki kwenye beseni yana tabia hiyohiyo! Usiyamwage. Yaache kwenye pipa wazi, yakoroge koroge kwa mti mara kadhaa mchana kutwa yapate hewa, rangi nyingi itageuka chembe chembe na kuanza kushuka chini yenyewe. Hapo hujatumia bakteria wala pumba na umeshapunguza sehemu kubwa ya rangi bila senti. Hii hatua watu wanaikimbia wanaenda kununua vitu.

Nikae hapo kidogo maana kuna kitu kinanifurahisha. Kabla ya haidro kuwepo watu walitumia bakteria kufanya kazi yake. Wachovya rangi wa Kofar Mata pale Kano, Nigeria, wana mashimo ya bluu ya nili ya karne na karne, wanaweka majivu na nili wanaacha ichachuke siku nyingi. Wajapani wao wanalisha mapipa yao pumba za ngano. Wachunguzi walipokuja kuangalia na hadubini wakakuta kumbe ni bakteria wanakula pumba na kuinyang'anya nili oksijeni, ndani ya maji ya majivu makali ambayo bakteria wa kawaida wasingeishi. Yani takataka ya mimea na vijidudu zilikuwa ndani ya ufundi wako tangu zamani, sisi ndo tumezitoa tukaweka kopo la haidro.

Nimesema maji makali. Hapa ndo watu wengi wanaangukia. Kipimo chake ni pH: 7 ni katikati, chini ya hapo ni asidi, juu ya hapo ni ukali wa kostiki na majivu. Ukiweka gramu 4 tu za kostiki kwenye lita moja pH inafika karibu 13, na bakteria unaowataka wewe wanapenda kati ya 6.5 na 8. Ukimimina maji ya 13 juu yao umewachemsha. Mimi mwenyewe pipa langu la kwanza nililiua hivyo, nilililea wiki tatu kwa kinyesi cha ng'ombe, siku ya kwanza nikapeleka maji ya vati bila kupima, asubuhi pipa kimya. Kwahiyo lazima upunguze ukali kwanza, na hapa nisikilize vizuri kwa sababu ni suala la mapafu yako: USIWEKE ASIDI KWENYE MAJI YENYE HAIDRO MBICHI. Inatoa gesi ya salfa inayokaba koo, na kwa mwenye pumu ni hospitali. Ndo sababu nyingine ya kuyakoroga na kuyaacha hewani siku nzima kwanza, haidro iishe. Afu unafanyia nje, unaweka kidogo kidogo, na hushuki chini ya 7. Na usije ukasikiliza anayekwambia weka jiki iue rangi, jiki ikikutana na asidi inatoa klorini, hiyo ni hatari ingine kabisa.

Asidi gani? Siki ya dukani ya asilimia 5 inafanya kazi, kwa hesabu yangu lita moja ya maji ya pH 13 inataka kama mililita 120, ndoo ya lita 20 inakula karibu lita mbili na nusu. Kwa ndoo sita hiyo ni hela. Lakini maganda ya nanasi na maembe yaliyooza kwa mama wa juisi hapo mtaani ni bure, yaloweke kwenye ndoo yenye mfuniko siku tano sita, yatachacha yawe na asidi. Ni dhaifu kuliko siki, kwahiyo tegemea kutumia mengi, pengine ndoo kwa ndoo, ila faida ni kwamba ile sukari na asidi inayobaki inakuwa uji wa bakteria wako baadaye. Kupima, karatasi za pH zinauzwa maduka ya vifaa vya maabara, na kama huna chukua maji ya rozela, weka matone kwenye kijiko cha maji yako. Yakibaki mekundu ni asidi, yakigeuka ya kijani bado yana ukali wa kostiki, hayajafika, unatafuta katikati ya hizo mbili.

Yakishatulia hapo kwenye 7 mpaka 8, mlonge. Mbegu za mlonge zina protini yenye chaji chanya, kinyume cha pumba, kwahiyo inashika tope na inashika pia rangi zile hasi. Wanawake wa Sudan wamekuwa wakisafishia maji ya Nile kwa mbegu hizi. Na huhitaji mbegu nzima, mashudu yanayobaki baada ya kukamua mafuta yanafanya kazi hiyohiyo, hayo ndo takataka ya mmea ninayoipenda kuliko zote. Kiasi? Sikupi namba, maji yako hayafanani na ya mwenzako. Chukua glasi nne za maji yako, weka robo kijiko, nusu, kimoja, viwili, koroga haraka dakika moja afu polepole dakika kumi, acha saa mbili, angalia ipi imetulia vizuri. Hiyo ndo dozi yako. Acha pipa lilale usiku, asubuhi chota maji ya juu.

Sasa bakteria. Duka hakuna, na anayekuuzia chupa ya "bakteria wa kusafisha maji" elfu arobaini mwache aende nayo. Wapo kwenye kinyesi cha ng'ombe na wapo kwenye tope jeusi chini ya huohuo mtaro wako, tena hao wa mtaroni wameshaizoea rangi yako, ni wenyeji. Pipa la lita 200, lijaze pumba za mpunga ukichanganya na maranda. Vumbi laini la mbao peke yake usiweke, linashikana kama uji na maji hayapiti. Na uliza mbao zimetoka wapi, kama ni mbao za dawa au nguzo usiguse, dawa yake mara nyingi ina shaba, kromiamu na aseniki, utakuwa umeongeza sumu kuliko uliyokuwa nayo. Mimina ndoo moja ya kinyesi kilichokorogwa na kopo mbili za tope la mtaro, jaza maji, funika, acha wiki mbili mpaka nne. Bomba la kuingizia lishuke mpaka chini na la kutolea liwe juu, ili pumba zizame muda wote. Kwa joto la Dar hutahitaji kingine, wenzetu Ulaya kipindi cha baridi vijidudu vyao vinalala usingizi, wako mwaka mzima wanakula.

Pipa la namna hiyo likijaa pumba linabaki na nafasi ya maji kama lita 100 hivi na kitu. Wewe una ndoo 12 kwa wiki, lita 240. Ukizimimina siku moja zitapita mbio bila kuguswa. Yaweke kwenye tenki uwe unapeleka ndoo mbili tu kwa siku, jioni, hapo kila tone linakaa humo karibu siku tatu.

Humo ndani kinachotokea kwa rangi za riaktivu ni hiki. Nyingi ni za jamii ya azo, zina kifungo cha naitrojeni mbili katikati ya molekuli na hicho kifungo ndo kinaipa rangi. Bakteria wasio na hewa wanakikata. Rangi inapotea, na maji yatatoka ya njano hafifu, utaruka kwa furaha, utanitumia picha. Tulia. Wamekata kifungo ila vipande viwili vilivyobaki vipo, vinaitwa amini, havina rangi na baadhi yake ni vibaya kuliko rangi yenyewe. Ulaya mwaka 2002 walipitisha sheria ya kupiga marufuku rangi za azo zinazoweza kuachia baadhi ya hizo amini kwenye nguo zinazogusa ngozi, kwa ajili ya saratani. Kwahiyo mtu anayeishia kwenye hatua hii na kusema "maji yamekuwa meupe" kakuondolea ushahidi tu, uchafu umebaki.

Amini nyingi haziliwi bila hewa, zinataka bakteria wa upande wa pili, wale wanaopenda oksijeni. Ndo maana baada ya pipa unahitaji beseni la hewa: shimo refu kiasi lenye karatasi ya nailoni chini, kokoto, na matete juu yake, maji yapite taratibu katikati ya kokoto. Hii sio ndoto, watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameifanyia kazi miaka mingi na matete haya haya ya mitoni kwetu, na mabwawa ya aina hiyo yamejengwa kwa maji taka Moshi na kwenye shule kule Iringa. Hayo ni ya maji ya chooni, ya rangi ni magumu zaidi, ila kanuni ni moja. Kama eneo huna, mwaga maji yaanguke kwa ngazi kwenye ndoo tatu zenye kokoto, angalau yapate hewa.

Njia ingine ya hatua hii, na mi naipenda japo inataka usimamizi, ni mifuko ya uyoga. Tafuta mtu anayelima uyoga mamama, akishavuna mizunguko yake anatupa ile mifuko ya majani makavu yaliyojaa nyuzi nyeupe. Uyoga huu ni wa ukoo wa wala-kuni, unatoa vimeng'enyo vya kuvunja lignini, ile gundi ngumu ya mti, na mwaka 1983 ndo watafiti walitambua kimojawapo kwa mara ya kwanza. Lignini imekaa hovyo hovyo haina mpangilio, kwahiyo kimeng'enyo chake hakichagui sana, kinavunja na rangi za kiwandani. Shida yake uyoga unataka maji ya asidi kidogo, na ukiyaacha wazi bakteria wanaufunika. Kwa nyumbani ni wa kujaribia, sio wa kutegemea.

Halafu harufu. Haidro ikishaisha inakuwa salfeti, na salfeti ndani ya pipa lisilo na hewa ni kama maji ya machimbo ya Pennsylvania, bakteria wanaipumulia wanatoa gesi ya mayai viza. Majirani waliokuwa wanalalamika rangi sasa watalalamika harufu. Dawa ni misumari yenye kutu na vipande vya chuma chakavu, tupia kilo mbili tatu ndani ya pumba, chuma kinashika salfaidi inakuwa tope jeusi. Pipa likae nje, na usiinamishe kichwa ndani kuchungulia, ile gesi ikizidi pua inaacha kuisikia na hapo ndo inaua. Faida moja ya hiyo salfaidi ni kwamba rangi zingine, hasa ile bluu-kijani inayong'aa, zina shaba ndani yake, na shaba itakayoachiwa inanaswa humohumo.

Kisichoondoka ni chumvi. Sijali bakteria wako wana elimu gani, sodiamu ya kostiki na chumvi ya mawe uliyoweka kwenye riaktivu itaingia na itatoka. Kwahiyo maji ya mwisho sio ya kunywa, sio ya kumwagilia mchicha, sio ya kuku. Ni ya kuoshea sakafu, ya kusuuzia mabeseni, au ya kutoka mtaroni yakiwa na madhara madogo sana kuliko sasa. Na tope la chini ya mapipa lianike juani, lifunge kwenye mfuko lisirudi shambani. Kiasi chako ni kidogo, ila mkifikia kuwa kikundi cha akina mama ishirini wenye karakana, hapo muongee mapema na NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa, sheria ya mazingira ya 2004 haiangalii kama kiwanda chako ni cha nyumbani.

Namna ya kujua kama limekaa sawa bila maabara: chukua sahani mbili, tandika tishu, panga mbegu 20 za mchicha kila moja. Moja lowesha kwa maji ya bomba, nyingine kwa maji yako ya mwisho, funika siku nne. Hesabu zilizoota na pima urefu wa vimizizi. Kama zako zimeota 6 na za bomba 18, basi bado, hata kama maji yanang'aa. Fanya kila mwezi, pumba zikianza kulainika na kushuka, ongeza mpya juu, usizitoe zote maana utakuwa umewafukuza wapangaji.

Anza na lile la kukoroga hewani wiki hii, hilo halina gharama. Afu nitumie picha ya makopo ya rangi, upande ule wenye maandishi madogo, nione ni za vati tupu au umechanganya na riaktivu, kwa sababu kama ni vati tupu inawezekana hata hilo pipa la pumba huhitaji, hewa, maganda ya nanasi na mlonge vinakutosha.